Loda inawaka, baketi inanyanyua, lakini cheni hazitembei

Mwezi huu safu nzima nimeipa mashine za cheni zilizogoma kutembea, kwa sababu maswali manne yamekuja yanafanana na yote yametoka huku huku kwetu Mwanza, kuanzia Usagara mpaka Magu, na kwa sababu inaniuma nikiona watu wanatoa hela ndefu kushusha giaboksi ambayo haina kosa. La kwanza ntalijibu kwa urefu, mengine yatafata nyuma yake.

SWALI

Mwangaluka fundi, na shikamoo. Mi ni opereta wa loda ya cheni, Caterpillar 955L, mali ya mzee mmoja, tuko kwenye machimbo ya moramu huku Usagara. Mashine ya zamani lakini ilikua inapiga kazi. Kama wiki mbili nyuma ikaanza kuchelewa kuitikia gia, unaweka mbele unasubiri sekunde mbili tatu ndo inaondoka, tukasema ni uzee. Juzi mchana napakia tipa ya nne ikanifia pale pale, mbele haiendi, nyuma haiendi, cheni zote mbili kimya, gia zote tatu nimejaribu. Injini inawaka safi haina moshi, baketi inanyanyua na kumwaga kama kawaida. Fundi aliyeletwa kasikiliza dakika tano akasema giaboksi imekufa ishushwe, na hela aliyotaja mzee hajalala. Mi naona kama kuna kitu hatujakiangalia. Tufanyeje?
Opereta, Usagara

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Mwambie mzee asitoe hela leo wala kesho, kwanza kuna kazi ya siku moja mnaweza kuifanya wenyewe na spana zenu, na nusu yake umeshaifanya kwenye hii barua.

Umeniambia imekufa mbele na nyuma kwa mpigo, gia zote, cheni zote mbili. Kitu kikifa pande zote saa moja, tatizo ulitafute pale ambapo pande zote zinakula chungu kimoja. Klachi ya kugeuzia, ile inayoachia cheni ya upande mmoja ili mashine ikate kona, ya kushoto na ya kulia ni vitu viwili, kila moja na maisha yake, ni nadra sana zife zote siku moja saa saba mchana. Fainali vile vile, zile gia za mwisho zinazozungusha kila cheni, ziko mbili. Hata ndani ya hiyo giaboksi yenyewe, hii ya pawashifti, yani inayobadili gia kwa presha ya oili, kila gia unayoweka inataka klachi mbili zikamate pamoja, moja ya uelekeo, yani mbele au nyuma, na moja ya spidi. Ingekua imekufa klachi ya mbele peke yake basi nyuma ungeenda kwa gia zote. Ingekua imekufa ya gia namba moja, namba mbili ingekubeba mbele na nyuma bila shida. Sasa ya kwako imekataa vyote, kwaiyo kabla sijaamini kwamba klachi zote tano za mle ndani zimekufa kwa pamoja, ntauliza kwanza kile kinachozilisha zote, na hicho ni oili yenye presha.

Na hili la baketi tulimalize mapema maana linawachanganya wengi. Baketi kunyanyua haimaanishi oili ya giaboksi ni nzima. Baketi ina tenki lake na pampu yake ya haidroliki, giaboksi ina oili yake, pampu yake na chujio lake. Moja inaweza kuwa nzima kabisa mwenzake anakufa kiu.

Kabla hujagusa kitu, baketi iwe chini imelala, weka vigogo mbele na nyuma ya cheni, na hakuna mtu kuingia chini wala kusimama kati ya cheni na ukuta wa machimbo. Mashine iliyokufa gia inaweza kushika ghafla oili ikipata njia, na hapo haichagui nani kasimama wapi. Hili nalisema kwa uchungu, machimbo yetu watu wanapenda kujaa wakiona mashine imeharibika.

Haya, anza na masikio. Injini ikiwa imepata joto, weka gia ya pili mbele, hakikisha breki ya kuegeshea imeachiwa na lile liva la kufungia gia limefunguliwa kweli kweli, alafu ongeza resi taratibu usikilize. Injini ikizama, ikaanza kulia kwa kulemewa kama unasukuma mlima, ujue nguvu imefika nyuma imekuta ukuta, yani kuna kitu kimekamata, breki imeganda au cheni imejaa mawe au kuna kitu kimevunjika kikajibana. Isiposhtuka, ikaendelea kulia nyepesi kama iko fri, nguvu inapotelea njiani. Nadhani ya kwako itakua hii ya pili, ila usinisikilize mimi, isikilize mashine.

Ikishakua nyepesi unatafuta inapotelea wapi. Nguvu inatoka kwenye injini inaingia toki konveta, ile inayopitisha nguvu kwa oili, kutoka konveta kuna shafti fupi yenye krosi inaenda giaboksi, giaboksi inapeleka kwa krauni na pinioni, zile gia mbili za kukunja nguvu, pale inagawanyika kulia na kushoto kupita kwenye klachi za kugeuzia, kisha fainali, kisha sproketi ndo inavuta cheni. Fungua bati la sakafuni uone ile shafti ya krosi, kwa tochi na kwa mbali, nguo isininginie na mkono usiingie. Mtu mmoja akae kwenye kiti, mwingine aangalie. Gia ikiwa fri shafti inatakiwa izunguke. Haizunguki kabisa hata ukipandisha resi, basi kosa liko kabla yake, kurudi kwenye konveta, labda konveta haina oili, labda kuna kitu kimekatika. Inazunguka fri, na ukiweka gia inasimama huku injini inazama, maana yake giaboksi imekamata na kuna kitu baada yake kimefunga. Inazunguka fri na ukiweka gia inaendelea kuzunguka vile vile kana kwamba hujaweka kitu, hapo ama klachi za giaboksi hazikamati ama nguvu imepita giaboksi ikapotelea baada yake. Yani kwa kuangalia tu kipande kimoja cha chuma kinachozunguka umeshaikata mashine katikati na umejua uende upande gani.

Sasa twende kwenye oili, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Pima oili ya giaboksi injini ikiwa inawaka sailensa, yani resi ya chini kabisa, gia fri, oili ikiwa ya moto. Wengi wanapima asubuhi mashine imezima, usiku oili imeshuka kutoka kwenye konveta imerudi kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini, kijiti kinaonyesha imejaa wanafunga wanaenda kunywa chai, kumbe ikiwashwa inapungua mpaka pampu inaanza kunyonya hewa. Ukichomoa kijiti angalia rangi na unuse. Oili yenye povu kama ya sabuni inakwambia hewa inaingia. Nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimekua zikiteleza muda sasa. Ile ya kuchelewa sekunde mbili tatu uliyoiona wiki mbili nyuma ndo ilikua mashine inaomba msaada, klachi inasubiri presha ijae ndo ishike, na kila ikisubiri inateleza, ikiteleza inaungua kidogo. Ndo maana sipendi ule usemi wa "ni uzee".

Na kuhusu hewa, kuna jambo linawapita mafundi wengi wazuri. Hosi ya upande wa kunyonya, ile inayotoka sampu kwenda pampu, inaweza kua imepasuka na isidondoshe tone hata moja. Hosi ya presha ikipasuka inarusha oili nje unaiona, ya kunyonya yenyewe inavuta hewa ndani, nje kukavu kabisa. Kaza klampu zake zote, angalia mipira yake kama imekauka, igeuze uone chini. Ikiwa imekakamaa kama fimbo, badilisha bila kujiuliza.

Baada ya hapo toa chujio la sumaku. Mashine hizi zina chujio la waya lenye sumaku upande wa kunyonya, mbali na ile filta ya karatasi mnayobadilisha mara kwa mara, na nimeshafungua mashine ambazo mwenye nayo ana miaka kadhaa hajui kama hicho kitu kipo. Likiziba, pampu inakosa oili, presha inashuka kidogo kidogo, gia zinaanza kuchelewa, alafu siku moja yenye jua kali oili imekua nyepesi kila kitu kinasimama. Fananisha na barua yako. Yale utakayoyakuta mle yamwage kwenye karai safi juani, usiyafute kwa kitambaa, na usome. Unga wa rangi ya shaba na vipande vyembamba vya shaba vinatoka kwenye diski za klachi. Vipande vyeupe vyepesi ambavyo sumaku haivishiki ni alumini, hiyo inatoka konveta. Chuma kinachong'aa chenye kona, hapo kuna gia au beringi inakatika. Vipande vya mpira vinatoka kwenye sili au kwenye hosi yenyewe inameguka kwa ndani, na hosi iliyomeguka ndani inaweza kujikunja kama kidaka tonge ikaziba njia injini ikiwaka na ikafunguka ikizimwa, nimeikuta hiyo na ilitusumbua sana. Kama ni matope na uzi wa kitambaa tu, shukuru Mungu, osha kwa dizeli, rudisha, weka filta mpya na oili sahihi, jaribu.

Oili sahihi kwa giaboksi za namna hii ni ile yenye alama ya TO-4, kipimo cha Caterpillar cha oili ya giaboksi, kwa joto letu SAE 30. Najua dukani watakwambia oili ya injini ni ile ile au weka 68 ya haidroliki inatosha. Haitoshi. TO-4 imetengenezwa ili klachi iliyolowa ndani ya oili ikamate bila kuteleza, hizo nyingine zina dawa ambazo zinafaa kazi nyingine na zinaifanya diski iteleze, na mpira wa sili usiokua na bahati unavimba.

Sasa nikusimulie kwa nini nang'ang'ania utaratibu huu. Miaka ya nyuma, kabla ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa 2025, tuliitwa upande wa Sengerema kwenye loda ya cheni ambayo haiendi popote. Tumebeba vyuma tumesubiri kivuko, tumefika jua la utosi, mwenye mashine ana mkataba na amechanganyikiwa, kila mtu anasema giaboksi, na sisi tukaamini. Tulishusha ile giaboksi siku tatu, kwa minyororo na miti, watu wanane. Ndani klachi nzuri kabisa. Tulipoanza kuirudisha kijana mmoja msaidizi ndo akaona kipini cha fimbo ya gia kimechomoka kwenye vali, yani liva kwenye kiti linaenda mbele na nyuma vizuri, lakini kule chini vali iko fri muda wote. Kipini kidogo kama kidole. Yule mwenye mashine alilipa siku tatu za watu wanane na alipoteza ule mkataba. Tangu hapo siweki spana kwenye giaboksi kabla sijalala chini na tochi, mtu mwingine anachezesha liva, mi naangalia kama mkono wa vali unaenda mpaka mwisho. Fanya na wewe, ni dakika mbili, injini imezimwa. Na ukiwa huko huko angalia chini ya pedali za kugeuzia. Huku kwetu udongo wa mbuga ukikauka ni kama saruji, ukijaa chini ya pedali pamoja na kajiwe, pedali hairudi juu mpaka mwisho, na klachi ya upande huo inabaki imeachiwa nusu, inateleza.

Kama yote hayo hayajaonyesha kitu, ndo unaleta geji. Usikubali mtu akuhukumie giaboksi bila geji, ni sawa na daktari anakupasua hajakupima hata presha. Geji ya presha ya psi 600 inatosha, mafundi wa kubana hosi kule viwandani Nyakato wanazo na wengi watakuazima ukiwaachia kitu. Kwenye giaboksi kuna plagi za kupimia, kitabu cha mashine kinaonyesha ipi ni ipi na presha inatakiwa iwe ngapi, kwa mashine nyingi za aina hii klachi zinafanya kazi kwenye mamia ya psi, kwaiyo ukiona geji inatikisika kwenye hamsini hamsini huhitaji mganga. Pima fri, pima mbele gia zote, pima nyuma gia zote, andika kwenye karatasi, oili ikiwa ya moto. Iko chini kila mahali, hata fri, basi ni pampu, chujio, hosi ya kunyonya au vali ya kupunguzia presha imekwama wazi kwa uchafu, na hivi vyote unavitoa bila kushusha giaboksi. Iko nzuri fri lakini inadondoka ukiweka gia fulani tu, sili za klachi ya gia hiyo zinavujisha ndani, na hapo kushusha kuna maana. Iko nzuri kila mahali na mashine bado haiendi, acha mambo ya oili, tafuta kilichokatika, splaini za shafti, yani meno yake, krauni na pinioni, huko.

Na ikitokea chujio limejaa shaba tele na geji imethibitisha, mwambie mzee yule fundi kapatia ingawa hakupima, ishushwe. Ila wakiifunga upya wasisahau kuosha rejeta ya oili na mabomba yake yote, ule unga unajificha mle alafu unarudi kuua klachi mpya ndani ya mwezi. Kama rejeta haioshiki ikawa safi, ibadilishwe.

SWALI

Fundi habari za kazi. Tuna kale kaloda kadogo ka cheni za mpira, tunasombea kokoto na mchanga kwenye ujenzi Ilemela. Kalilala nje wiki mbili, tumekawasha kanawaka vizuri lakini hakatembei, ukisukuma liva injini inaonyesha kama inataka kuzima. Fundi wetu kazoea matipa anasema tuangalie klachi. Klachi iko wapi?
Msimamizi wa saiti, Ilemela

JIBU

Ndugu yangu klachi haipo. Hako kadogo ni haidrostatiki, injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye mota mbili, moja kila cheni, na hata baadhi ya loda kubwa za cheni kama Caterpillar 953 zilianza kutumia mfumo huu tangu miaka ya 1980. Hakuna giaboksi ya kushusha wala konveta.

Umesema injini inataka kuzima ukisukuma liva, hiyo ni habari nzuri, maana pampu inasukuma na mota zinapokea, ila kuna kitu kimezishika, na kwenye mashine ambayo imekaa bila kazi kitu hicho mara nyingi ni breki. Breki za mashine hizi ziko kinyume na za gari, spiringi ndo inakamata na oili ndo inaachia, kwaiyo umeme ukikosekana au oili isipofika breki inabaki imeshika daima. Anza na vitu vya bure. Ile bomba ya usalama ya mapajani ishushwe mpaka mwisho, opereta akae kwenye kiti sawa sawa, kiti kina swichi chini yake, swichi ya breki izimwe. Kisha angalia fyuzi. Kisha fuata waya unaoenda kwenye solenoidi ya breki, ile sumaku ya umeme inayofungua njia ya oili, na fuata kwa macho na mkono sentimita kwa sentimita, kwa sababu wiki mbili nje panya wanatosha kabisa kukata waya, wanapenda kujenga kwenye joto la injini. Ukiwa umeshika bisibisi karibu na ile solenoidi mwenzako akiwasha na kuzima swichi ya breki utasikia inagonga "tk" na bisibisi inavutwa na sumaku. Hakuna tk wala mvuto, tafuta umeme. Kuna tk na bado imeshika, pima presha ya kuchaji, ile presha ndogo ya mfumo ndo inafungua breki.

Msikalazimishe kwa resi. Breki ikishikiliwa na mota ikisukumwa mnachemsha oili na mnaitafuna breki, na spea zake hapa Mwanza mtazisubiri.

Jambo lingine, mkiwa na wasiwasi hosi inavuja, msipapase kwa mkono. Oili ya presha inayotoka kwenye katundu kama ka sindano inaingia ndani ya ngozi, inaonekana kama kidonda kidogo tu haiumi sana mwanzoni, watu wanapaka mafuta wanaendelea na kazi, na mkono unaharibika ndani. Tumieni kipande cha kadibodi. Na ikimpata mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, aseme wazi ni oili ya presha imeingia, asingoje ivimbe.

SWALI

Shikamoo. Loda yetu ya cheni ni ya zamani ya klachi za kugeuzia, inatembea lakini cheni ya kulia haina nguvu, mashine inajigeuza yenyewe kwenda kulia, ikipata moto cheni hiyo inasimama kabisa. Ni klachi au ni fainali? Tunaogopa kufungua mbili.
Magu

JIBU

Marahaba. Mkiwa mnaogopa kufungua mbili mna haki, na hampaswi kufungua hata moja kabla ya jaribio hili. Kwenye hizi mashine breki inakamata ngoma ya nje ya klachi ya kugeuzia, yani breki iko kabla ya fainali. Kwaiyo peleka mashine mahali penye mteremko mdogo sana, salama, hakuna mtu chini yake, kamata breki ya kulia. Cheni ya kulia ikishika imara, basi kuanzia ngoma ya klachi mpaka sproketi chuma chote kimeungana, fainali ni nzima, na mnatafuta klachi. Cheni ikiendelea kujiviringisha breki ikiwa imekamata kweli, kuna kitu kimekatika ndani ya fainali au shafti yake.

Lakini kwa mlivyoeleza, kwamba baridi inaenda na moto inasimama, mi moyo wangu uko kwenye klachi. Gia iliyokatika haijali baridi wala moto, tena ingekua inapiga kelele ya kusaga mngeisikia mpaka barabarani. Klachi iliyochoka ndo inaanza vizuri asubuhi. Kabla ya kuagiza diski hakikisheni pedali ya kulia inarudi juu yote na ina uchezaji wake wa bure kama kitabu kinavyotaka, kama haina uchezaji hata kidogo klachi haifungi sawa, na marekebisho yake ni spana mbili. Alafu, kwa usalama wa roho zenu, chomoeni plagi ya chini ya fainali ya kulia mwangalie oili. Unga mwembamba kwenye sumaku ni kawaida. Vipande, hapana.

SWALI

Fundi, loda imekwama ufukweni tulikua tunasomba mchanga, cheni zimezama nusu kwenye maji, gia imekataa. Kuna kijiko kikubwa jirani, tunataka kuivuta nayo mpaka barabarani kama kilomita mbili. Kuna ubaya?
Karibu na Magu

JIBU

Kilomita mbili ni mbali sana. Itoeni kwenye maji kwa kuivuta polepole, mita chache mpaka ardhi kavu, kwa mnyororo au waya mzima uliofungwa kwenye ndoano ya mashine, watu wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa huo waya, kisha simameni. Kama injini inawaka iacheni iwake wakati wa kuvuta ili pampu ilainishe giaboksi, maana ikizima cheni zinazungusha vyuma vya ndani vikavu. Na kama ni ya haidrostatiki msiivute hata kidogo mpaka breki zimefunguliwa kwa mkono kama kitabu kinavyoelekeza, la sivyo mnaiburuza ikiwa imefunga na mnaua mota. Safari ya barabarani iwe juu ya lobedi, lile trela la chini la kubebea mashine.

Ikishakua kavu, kabla ya kutafuta gia imekataa kwa nini, fungueni plagi za chini za fainali zote mbili asubuhi kabla hamjaisogeza, maji yanakaa chini ya oili kwaiyo yatatoka ya kwanza. Yakitoka maji, mwageni yote, sili za fainali zimepitisha, oili mpya humo ni SAE 50, na sili zisibaki kwa ahadi ya "tutabadilisha mwezi ujao", mchanga wa ziwa ukishaingia pale unasaga chuma kila mzunguko. Pumzi ya giaboksi, kile kikofia kidogo cha juu, angalieni kama kilikua chini ya usawa wa maji, na kama kilikua chini, pimeni oili ya giaboksi pia. Ikiwa kama chai ya maziwa, hiyo ndo sababu ya gia, na msiiwashe tena mpaka imemwagwa.